Sauti Moja Pale Bwawani

Bahasha anaogopa maji. Ni farasi mwenye kifua kama kabati, anaruka magogo ambayo mimi ningehitaji ngazi kuyapanda, anateremka mitaro kwa kasi inayokufanya ushike tumbo, lakini mpeleke kwenye bwawa lisilofika hata magotini mwake, atasimama ghafla kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha sufuria jikoni. Nimemwona akisimama hivyo mwaka baada ya mwaka. Kila mara nimerudi kazini nikapiga pasi mashati ya watu kwa hasira, mpaka bosi wangu akaniambia, "Taratibu, dada. Hayo mashati hayajakukosea."

Ninafanya kazi kwa dobi. Ukutani kuna televisheni iliyowekwa kwa ajili ya wateja wanaosubiri nguo zao, na pale ndipo nilipomwona mara ya kwanza. Mteja mmoja alikuwa akitafuta mpira, akapitiliza, na kwenye kioo akatokea farasi wa kijivu mwenye alama nyeupe katikati ya paji la uso, ya mraba, yenye pembe zake nne kama bahasha. Mgongoni mwake alikaa mwanamke aliyefunga vifungo vya koti lake kimakosa, kimoja kimeruka tundu. Mtangazaji akasema mwanamke yule ana watoto mapacha wadogo na kwamba asubuhi ile alikuwa amevaa haraka. Watu wote wanamwita Mama Pacha. Nilisimama na pasi mkononi mpaka mvuke ukanichoma kidole. Mteja akauliza, "Naweza kubadilisha?" Nikamwambia, "Ukithubutu, shati lako hulioni."

Mchezo wenyewe, kwa asiyeujua, ni wa siku tatu. Siku ya kwanza farasi anaonyesha adabu: anatembea, anazunguka, anakwenda upande upande kama mtu anayepita kwenye safu ya viti vilivyojaa, na majaji wanampa alama. Siku ya pili ndiyo yenyewe, mbio za porini: magogo, mitaro, miteremko na bwawa. Siku ya tatu anaruka viunzi vyepesi uwanjani, vile vinavyoanguka vikiguswa. Farasi ni yule yule na mpandaji ni yule yule siku zote tatu. Ndiyo maana naupenda. Si mchezo wa kuwa hodari wa jambo moja halafu ukaenda kupumzika.

Siku ya kwanza Bahasha huwa anaongoza. Ana adabu kuliko watu wengi ninaowajua. Siku ya pili anafika bwawani, na hapo hadithi inaishia.

Nyumbani sina wa kulia naye. Baba watoto ana timu yake ya mpira ambayo haijashinda kombe lolote tangu tuoane, na bado ana uso wa kunicheka mimi. Mama yake, ambaye tunaishi naye, anauita mchezo wangu "mambo ya punda waliosoma." Akinikuta nimeinamia simu jioni natazama marudio, anauliza kwa sauti ya kusikika mpaka kwa majirani, "Haya, leo punda wako kafaulu?" Nami namjibu, "Hajafaulu, mama." Anasema, "Mwambie arudie darasa." Halafu anacheka peke yake, na mimi nakwenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Mimi ni mtu wa sala. Kila alfajiri, kabla ya kuwasha jiko, nawaombea watu wangu kwa mpangilio: wagonjwa, wasafiri, watoto, baba yao, mama yake, na mwalimu wetu wa darasa la jioni, ambaye ana kazi ngumu ya kufundisha watu wazima wanaosinzia. Mwisho kabisa, kwa sauti ya chini, namtaja Bahasha. Sikujua kama inafaa. Nilimuuliza kiongozi wetu wa ibada, akanitazama kidogo, akasema farasi pia aliumbwa na Mungu, kwa hiyo Mungu hatashangaa kusikia jina lake. Niliichukua hiyo kuwa ruhusa.

Sasa mwaka huu mambo mawili yalikutana. La kwanza, mashindano makubwa yaliletwa kwenye viwanja vya nje ya mji wetu, mahali ninapoweza kufika kwa basi moja. La pili, Mama Pacha alitangaza kwamba Bahasha amezeeka na haya ndiyo mashindano yake ya mwisho. Baada ya hapo anakwenda kula majani. Kwa hiyo ilikuwa safari hii au basi. Avuke maji na ashinde mbele ya macho yangu, au nibaki maisha yangu yote nikimkumbuka kama farasi anayesimama.

Nilibadilishana zamu na mwenzangu kazini, nikafanya kazi siku zake zote za mapumziko mpaka miguu ikavimba. Siku ya kwanza ya mashindano nilitazama kwenye simu nyuma ya mashine ya kufulia. Bahasha aliongoza. Siku ya pili, Jumamosi, ndiyo niliyokuwa nimeiomba.

Asubuhi hiyo nimeshajifunga kitambaa, nimeshika chupa ya chai, baba watoto akaniambia, "Nenda na mama."

"Mama gani?"

"Mama yangu. Mimi leo kuna mechi, wenzangu wanakuja. Mama akiwepo hawezi kukaa kimya, anawaambia wachezaji la kufanya."

"Na kwangu atakaa kimya?"

"Kwako ni farasi. Atawaambia nini farasi?"

Mama mkwe alikuwa ameshavaa viatu. "Naenda kumwona huyo punda," akasema. "Nimwone kwa macho yangu anayemnyima mwanangu chakula cha moto kila Jumamosi."

Nilisali ndani ya basi. Sikuomba ushindi, kwanza niliomba uvumilivu, maana mama mkwe alimuuliza kondakta kwa nini hajaoa, akamwambia abiria wa mbele afunge dirisha, kisha alifungue, kisha alifunge nusu.

Viwanja vilikuwa vipana, nyasi zimekatwa, na njia ya farasi imezungushiwa kamba. Kila kiunzi kilikuwa na namba, bendera mbili, na msimamizi wake aliyekaa kwenye kiti cha kukunja. Nilimpeleka mama mkwe moja kwa moja bwawani. Hapo ndipo walipokuwa wamekusanyika mashabiki wa Bahasha, ambao si wengi. Mkubwa wetu ni kinyozi mmoja aliyejishonea nembo ya bahasha kwenye kofia. Ndiye aliyewahi kunipa kitabu cha kanuni za mchezo, nikakisoma kidogo kidogo darasani jioni, mwalimu alipotuambia tulete maandishi tunayoyapenda. Wenzangu walileta magazeti. Mimi nilisoma kwa sauti mbele ya darasa zima: bendera nyekundu iwe kulia kwako, nyeupe iwe kushoto, upite katikati. Walinipigia makofi bila kujua ni bendera za nini.

"Huyu nani?" kinyozi akaniuliza, akimtazama mama mkwe.

"Mama wa mume wangu."

"Shabiki?"

"Mimi?" mama mkwe akadakia. "Mimi nimekuja kukagua. Na wewe kinyozi, mbona kichwa chako hakijanyolewa vizuri huko nyuma? Au unajinyoa mwenyewe?"

Kinyozi akashusha kofia yake mpaka shingoni.

Nilimwekea mama mkwe khanga akakaa kwenye nyasi, nikaanza kumweleza. Nilimwonyesha gogo la kuingilia majini. Nilimwonyesha kibanda kidogo cha mbao katikati ya maji, ambacho farasi hukiruka maji yakimpiga tumboni. Na nilimwonyesha kile cha tatu, nje ya bwawa, juu ya kilima kidogo upande wa kulia: kiunzi chembamba, upana wake kama mlango wa choo, kimesimama peke yake. Vyote vitatu vinahesabiwa kuwa kimoja. Ukiruka viwili ukasahau cha tatu, umetolewa mashindanoni.

"Nyekundu kulia, nyeupe kushoto," mama mkwe akarudia. "Hata mtoto anaelewa."

"Ndiyo, mama. Halafu kuna jambo moja muhimu sana." Nilitaka kumwambia sharti lile linalotutesa sisi wote tuliosimama kwenye kamba. Kupiga makofi kunaruhusiwa. Kushangilia kunaruhusiwa. Lakini mtazamaji haruhusiwi kumwelekeza mpandaji, hata kwa neno moja. Mpandaji amekwisha kuitembea njia kwa miguu yake, kuikariri ni kazi yake. Akipewa msaada kutoka nje na akautumia, majaji wanaweza kumtoa, hata kama msaada wenyewe hakuuomba. "Mama, hapa mtu ha..."

"Choo kiko wapi?"

"Kule nyuma ya mahema. Mama, sikiliza kwanza..."

"Nikisikiliza kwanza tutaaibika wote wawili."

Nikampeleka. Tuliporudi alikuta mtu amekalia khanga yangu, likazuka jingine. Alipomaliza kumwondoa mtu huyo, kipaza sauti kikaita namba ya Bahasha, na mimi nikasahau kila kitu. Nilisahau hata kwamba nina mama mkwe.

Tulimsikia kabla ya kumwona. Farasi akija mbio unasikia ardhi kwanza, halafu pumzi. Akatokea kwenye miti, wa kijivu, shingo imelowa jasho, Mama Pacha amejikunja juu yake. Kinyozi akaanza kunong'ona, "Njoo, mzee. Njoo, mzee." Mimi nilifumba mikono. Nilimwambia Mungu, mwaka huu tu, sitakusumbua tena juu ya farasi huyu, na nilipokuwa nasema hivyo nilijua kwamba namdanganya.

Bahasha aliliona bwawa. Masikio yake yakasimama. Nikaiona ile hatua ninayoijua, ile hatua fupi ya kusitasita, miguu ya mbele inatafuta breki. Nikasema moyoni, basi, yale yale. Mama Pacha hakumpiga. Alikaa tu, akampa hatamu kidogo, akamwambia kitu ambacho hatukukisikia.

Akaruka. Aliruka kama anayejitupa kitandani. Maji yalipaa mpaka tukalowa sisi tuliokuwa kwenye kamba. Akakiruka kibanda, akatoka majini upande wa pili, analia puani kama treni, na watu wote walipiga kelele, hata wasiomjua. Mimi nililia. Kinyozi alivua kofia akaitupa juu, ikaangukia bwawani.

Na Mama Pacha alikuwa anacheka. Tulimwona uso wake wote. Aliachia hatamu mkono mmoja, akampiga Bahasha shingoni, pa, pa, pa, akamsifu, huku farasi anakwenda. Anakwenda kushoto. Kule kwenye njia ya kiunzi kinachofuata. Kile chembamba, cha tatu, kilikuwa kulia, juu ya kilima, na alikuwa anakiacha.

Mashabiki wote tuliona. Sijui nitauelezaje ukimya ule. Ulitushika kwa pamoja, mdomo baada ya mdomo. Kinyozi aliuma ngumi yake. Dada mmoja aligeuka akaipa njia mgongo. Mimi nilishika kamba kwa mikono miwili, na ndani ya kifua changu neno lile lilikuwa linapiga mlango: kulia, kulia, kulia. Sikulitoa. Tulisimama pale tunajua, tumefunga midomo, tunamtazama akipotea taratibu mbele yetu.

"WEWE BINTI!"

Sauti ya mama mkwe imelea watoto wengi. Ilikuwa inawaita kutoka mtaa wa tatu na wanafika.

"Wewe binti, unakwenda wapi? Rudi! Kulia! Kulia kwako! Hicho hapo juu hukukiona? Pita katikati!"

Mama Pacha aligeuza kichwa. Nilimwona akigeuza kichwa, nikamwona akikiona kiunzi, nikamwona uso wake ukibadilika. Akavuta hatamu, akampindisha Bahasha upande wa kilima, na yule mzee, akiwa bado anatiririka maji, akapanda, akapita katikati ya bendera safi kabisa, akaenda zake.

Mama mkwe alikaa chini, akajipepea na ncha ya khanga. "Umeona?" akaniambia. "Bila mimi angepotea huyo."

Wenzangu wote kwenye kamba walikuwa wanamtazama yeye. 

Bahasha alimaliza njia nzima bila kosa. Kipaza sauti kilitangaza muda wake, kikasema anaongoza, halafu kikasema matokeo yake yanachunguzwa. 

Msimamizi wa kiunzi alikuja kwenye kamba. Alikuwa mwanamume mzima mwenye kofia pana, mpole, na alionekana kama asiyetaka kabisa kuuliza alichotumwa kuuliza.

"Samahanini ndugu zangu. Nilisikia sauti. Macho yangu yalikuwa kwenye kibanda, niliangalia kama farasi alipita sawasawa. Majaji wanataka kujua jambo moja tu: mpandaji alianza kugeuka kabla ya sauti, au baada yake? Kama alikuwa ameshageuka mwenyewe, hakuna kesi."

Watu wakatazama nyasi. Mmoja alianza kufunga kamba za viatu ambavyo havikuwa na kamba. Kinyozi alisogea karibu yangu, akaninong'oneza bila kuchezesha midomo, "Alikuwa ameshageuka. Sema hivyo, tumalize."

Mama mkwe akasimama. "Sauti ilikuwa yangu," akasema, kwa fahari kabisa. "Kuna zawadi?"

Msimamizi akamtazama. "Asante, mama. Sasa, alipogeuka, wewe ulikuwa umeshaita?"

"Hapo sijui. Mimi nikipaza sauti nafumba macho. Muulize huyu, mke wa mwanangu. Huyu ndiye anayejua mambo ya hawa farasi. Anajua kila kitu. Anawaombea mpaka kwenye sala."

Wote wakanigeukia.

Nilimwomba Mungu neno, na sikupewa. Nimezoea kuomba na kusubiri, najua ukimya wa kusubiri ulivyo, lakini ule ulikuwa ukimya wa aina nyingine. Ulikuwa kama wa mwalimu aliyeuliza swali ambalo jibu lake tayari liko ubaoni. Nilikuwa nimeona. Hilo tu. Nimetazama mchezo huu kwa miaka nikilalamika kwamba hakuna anayeona ninachokiona, na sasa nilikuwa naulizwa nilichokiona.

Nilijaribu. Siwezi kusema sikujaribu. Nilijiambia kichwa chake huenda kilianza kugeuka kidogo. Nilijiambia kutoka pale nilipokuwa nimesimama jua lilikuwa machoni. Lakini jua lilikuwa mgongoni kwangu.

"Baada ya sauti," nikasema. "Aligeuka baada ya kuitwa."

Msimamizi akashusha pumzi, akaishika kofia yake kidogo kama mtu anayesalimia, akaenda na redio yake ya mkononi.  Kinyozi alikwenda ukingoni mwa bwawa, akaiokota kofia yake kwa fimbo, akaikamua, akaenda kusimama upande wa pili. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Tukabaki mimi na mama mkwe na chupa ya chai.

Kipaza sauti kikatangaza. Bahasha ametolewa. Msaada kutoka nje.

"Msaada ni kosa?" mama mkwe akauliza.

Nikamweleza. Nilimweleza vizuri, polepole, sharti lote, kwa sauti ya mtu anayekunja shuka lililokwisha kunjwa. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu niingie katika nyumba ile.

"Ngoja nielewe," akasema. "Ningenyamaza, angesahau kile chembamba, wangemtoa."

"Ndiyo, mama."

"Nimesema, kakiruka, wamemtoa."

"Ndiyo, mama."

"Sasa mlitaka nifanye nini?"

 Hilo ndilo lililonitia hasira kuliko yote. Ningekuwa na la kumlaumu ningelipiga kelele pale pale, ningemwambia yote niliyoyameza kwa miaka, punda waliosoma na mengineyo. Lakini alikuwa amesema kweli. Bahasha alikuwa ameshapotea kabla yeye hajatamka neno. Mama Pacha mwenyewe ndiye aliyempoteza, kwa furaha, na furaha ile ilikuwa ni ile ile niliyoiomba mimi kila alfajiri. Ungemlaumu nani hapo?

"Ungekaa nyumbani," nikasema hatimaye. "Ndicho ungefanya."

"Nyumbani nilifukuzwa," akajibu. "Kuna mpira."

Nilikuwa namimina chai ambayo hakuna kati yetu aliyeitaka nilipomwona Mama Pacha anakuja kwa miguu, kofia ngumu mkononi, matope mpaka shingoni. Kwenye televisheni anaonekana mrefu. Ni mfupi. Alikuja mpaka kwenye kamba.

"Nani aliyeniita?"

Mama mkwe akajikung'uta nyasi, akasimama. "Mimi. Na wewe, binti, ulikuwa unakwenda wapi?"

Mama Pacha alicheka kidogo, halafu kicheko kikamkatikia. "Nilisahau, mama. Aliingia majini. Miaka yote hii, akaingia. Nikasahau kila kitu kingine." Akajifuta pua kwa mkono wa koti. "Sauti yako imenikumbusha mtu. Niligeuka kabla sijafikiri."

"Pole, mwanangu."

"Asante, mama. Ila siku nyingine, tafadhali..." Akaweka kidole mdomoni. Hakufanya hivyo kwa ukali, lakini hakufanya kwa mzaha pia. Kisha akaniangalia mimi. "Wewe ndiye uliyeulizwa?"

"Ndiyo, dada. Nilisema ulivyogeuka. Nilivyoona."

Akatikisa kichwa taratibu. "Na mimi waliniuliza. Niliwaambia sikumbuki."

 Nilisubiri aseme kwamba nilifanya vyema, au nilifanya vibaya. Lolote lingenifaa, ningepata mahali pa kuiweka hasira yangu. Hakusema. Aliniangalia kama ninavyomwangalia mteja ambaye doa kwenye nguo yake limekataa kutoka: hakuna ugomvi, na hakuna la kufanya. Akatuaga, akaondoka kuelekea mazizini, anachechemea kidogo. Kule mbali, kati ya mahema, mtu alikuwa anamtembeza Bahasha ili apoe, na mvuke ulikuwa unamtoka mgongoni kama shati lililotoka kwenye pasi. Nilitaka kumwita. Sikujua ningemwita niseme nini.

"Twende nyumbani?" mama mkwe akauliza. Kwa mara ya kwanza siku ile aliuliza kabla ya kuamua.

"Basi haliji mpaka jioni," nikamjibu, na ilikuwa kweli.

Tukakaa. Mashindano hayakusimama kwa ajili yetu. Ardhi ikaanza kutetemeka tena, akatokea farasi mwingine, wa kahawia, ambaye sikumjali. Nikamtazama mama mkwe kwa pembe ya jicho. Alikuwa amejiziba mdomo kwa ncha ya khanga, mikono yote miwili juu yake, macho yamemtoka, anamfuata farasi yule kutoka kwenye miti mpaka kwenye gogo. Farasi akaruka ndani ya maji vizuri. Watu wakashangilia. Mama mkwe akanigeukia bila kuondoa mikono, akanipandishia nyusi, anauliza.

Sikutaka kumjibu. Nilikaa kidogo nikiwa sijamjibu, na niseme kweli, nilikifurahia kile kidogo.

"Makofi yanaruhusiwa, mama," nikasema.

Akaiachia khanga, akapiga makofi haraka haraka, kisha akajiziba tena kabla farasi hajafika kwenye kibanda. Farasi wa kahawia alikitazama kile kibanda, akasimama. Mpandaji akateleza shingoni, akashikilia manyoya, akabaki ananing'inia. Umati wote ukaguna. Mama mkwe akanitazama tena, jasho linamtoka kwa kujizuia.

"Kuguna pia ruksa."

Akaguna kwa nguvu zake zote, mpaka msimamizi mwenye kofia pana akageuka kwenye kiti chake. Mimi pia niliguna, ila mguno wangu haukuwa wa farasi yule.